Hiyo nukta ni ya simu, si ya mgonjwa

Wanangu wa zamu mpya mnaopokea simu za ambulensi hapa Tanga, juzi nimekaa nyuma yenu nikamsikia mmoja anamuuliza mpigaji, "Uko wapi?" Akajibiwa, akabofya, gari likatoka. Nikashika kichwa.

1. Anzeni na "Mgonjwa yuko wapi?" Hili mimi nimelilipia. Usiku mmoja alipiga baba mmoja akihema, mkewe kashikwa na uchungu na damu inatoka. Nikamwambia anitumie lokesheni. Nukta ikaja kwenye ramani papo hapo: Pongwe. Nikajiona fundi kweli, mambo ya "ukifika kwenye mwembe kata kushoto" yamekwisha. Dereva anafika Pongwe, anamkuta baba mtu lindoni, rungu mkononi, analinda ghala. Mke yuko nyumbani Mabokweni, njia ya Horohoro! Jirani ndiye aliyempigia mume, mume akanipigia mimi, na nilichomwomba alinipa: mahali ilipo simu yake. Gari likageuza, likakatiza mji mzima, likamkuta mama keshajifungulia mkekani, mtoto kapokewa na jirani. Wote wawili wazima, Alhamdulillahi. Asubuhi mkubwa wa zamu akanisikilizisha rekodi. Kilichoniuma zaidi ni sauti yangu mwenyewe, ilivyojaa majivuno.

Msidhani mitambo mizuri zaidi itawaokoa. Uingereza, tangu 2014, zipo simu zinazotuma zenyewe mahali zilipo mtu akipiga 999, namba yao ya dharura. Kinachotumwa bado ni mahali pa simu. Na nyie hapa mkipata duara la mnara tu, yaani eneo lote ambalo mnara wa simu unalifikia, duara hilo linaweza kumeza vijiji kadhaa, halafu mnampa dereva katikati yake kana kwamba kuna mlango pale.

2. Ngamiani msiridhike na "barabara ya 12". Barabara ni ndefu. Karibu na msikiti gani, duka la nani? Mtu wa Tanga atakueleza mpaka rangi ya geti, mwache aseme, ila mrudishe kwenye damu na pumzi.

3. Tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022, nyumba nyingi zina kibao cha namba. Mwambieni aliye pale akisome.

4. Chukueni namba ya aliye kando ya mgonjwa kabla chaji ya mpigaji haijaisha.

5. Akipiga wa moto, msimwambie akate apige 114 ya zimamoto. Mwunganisheni nyie. Na aliyemwaga chai kwenye kibodi ya meza ya pili anajijua, herufi "a" inanata mpaka leo.