Homa siku sita, macho mekundu: si lazima iwe surua

Mama, pole sana kwa kukesha. Unasema mtoto wa miaka miwili ana homa siku ya sita, malaria haikuonekana, antibiotiki haikusaidia, macho mekundu bila matongotongo, midomo imepasuka, ulimi mwekundu kama pilipili. Jirani anasema surua. Yawezekana, ila surua kwa kawaida huja na kikohozi na mafua, nawe hukuvitaja.

Mimi ni muuguzi hapa Bukavu. Leo hii, si kesho, mwulize daktari kuhusu ugonjwa wa Kawasaki: kuta za mishipa ya damu huvimba, hasa kwa watoto chini ya miaka 5. Ni nadra na hauambukizi. Hatari iko moyoni: bila matibabu, karibu mtoto 1 kati ya 4 mishipa inayolisha moyo hutanuka. Imunoglobulini ya mshipani (dawa ya kingamwili inayotiwa kwenye mshipa wa damu), ikitolewa ndani ya siku 10 za kwanza za homa, hupunguza sana hatari hiyo. Omba na ekografia ya moyo, yaani kipimo cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti.

Aspirini usimpe mwenyewe nyumbani, tafadhali. Daktari ndiye anayepima kiasi. Wala usingoje ngozi ianze kubanduka kandokando ya kucha. Dalili hiyo huja wiki ya pili au ya tatu, na zile siku 10 za matibabu mara nyingi zimeshapita.