Maswali ya wasomaji: Hivi matumbawe nayo yanagandishwa?

SWALI: Habari mhariri, nimesikia eti wanasayansi wanagandisha mbegu za matumbawe kama zile za ng'ombe, kwani matumbawe si mawe tu? Na kama inawezekana si wagandishe tumbawe zima yaishe?

JIBU: Nzuri tu ndugu. Matumbawe ni wanyama, wadogo wadogo wanaoishi kwa maelfu pamoja, hilo jiwe unaloliona ni mifupa ya chokaa wanayojijengea. Na kuzaa kwao ni shughuli kwelikweli maana aina nyingi zinazaa mara moja tu kwa mwaka, usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu, unaona vipunje vya pinki vinachomoka vinapanda juu taratibu na kila kimoja kina mayai na mbegu za kiume humohumo. Ukikosa usiku ule imekula kwako, rudi mwakani. Sasa watafiti wanavidaka, vikipasuka wanachuja mayai pembeni, mbegu wanazichanganya na kemikali inaitwa DMSO ili maji ya ndani yasigeuke vipande vya barafu vikazichana, halafu zinashushwa mpaka nyuzi -196 za Selsiasi kwenye naitrojeni ya kimiminika, yaani gesi iliyopozwa mpaka ikawa majimaji. Hapo zinakaa miaka na miaka. Mama wa kazi hii ni Mary Hagedorn wa Smithsonian, taasisi ya utafiti ya Marekani, kule Hawaii, na mbegu za Great Barrier Reef, ule mwamba mkubwa wa matumbawe wa Australia, zimehifadhiwa mpaka Dubbo, mji wa hukohuko ulio mbali kabisa na bahari!

Mayai ndo kichwa kinauma, makubwa, yamejaa mafuta, yanagoma kuganda vizuri. Kwa hiyo mbegu ukiziyeyusha bado unahitaji mayai mabichi ya usiku uleule. Ila hata hivyo faida ipo kubwa tu, mwaka 2021 ilichapishwa kazi ambayo mayai ya aina ya tumbawe iitwayo Acropora palmata, ya kisiwa cha Curaçao huko Karibea, yalirutubishwa kwa mbegu zilizogandishwa kutoka Florida na Puerto Rico, wakapatikana watoto ambao baharini wasingezaliwa kwa vile wazazi wako mbali mno.

Tumbawe zima bado. Mwaka 2018 watafiti waligandisha viluwiluwi vya tumbawe, yaani watoto wachanga wanaoogelea, wakaviamsha kwa kuvipasha joto haraka kwa leza na chembe za dhahabu, na 2023 vipande vidogo sana vya tumbawe la Hawaii vikaamka vikiwa hai. Mi naona ni akiba nzuri, ila bahari ikizidi kuchemka hao watoto utawarudisha wapi?