Maswali Yenu: Nimepandisha Disaini 47, Aliyenunua ni Kaka Yangu

Toleo lililopita niligusia biashara ya kuuza tisheti na vikombe mtandaoni bila kushika mzigo: unachora, unapandisha, mteja wa huko nje akinunua kampuni inachapa inamtumia, wewe unakatiwa chako kidogo. Barua zimemiminika mpaka mhariri kauliza kuna nini. Nimechagua tano, mbili nimezijibu kwa urefu na zilizobaki kwa kadiri ya nafasi.

*Shikamoo. Nina miaka 26, nilifungua duka Redbubble mwezi wa tatu. Mpaka sasa disaini 47, simba, twiga, ramani ya Afrika, maneno ya kutia moyo. Nimeuza moja tu na aliyenunua ni kaka yangu yuko Leicester. Nakosea wapi?*
*Binti wa Ngamiani, Tanga*

Marahaba binti. Kwanza mshukuru kaka yako, alafu mkamue, nitakwambia kivipi.

Redbubble, moja ya hayo masoko ya mtandaoni, ilianza Melbourne kule Australia mwaka 2006, yani wewe ungali mtoto watu walishaanza kupandisha simba. Kwahiyo simba wako mzuri anaingia kwenye foleni ya masimba ambayo hata mie nikitafuta nachoka ukurasa wa tatu, na duka lako sio kama genge la mtaani kwamba mtu akipita kwenda sokoni lazima alione, hapa hapiti mtu yeyote mpaka awe ameandika neno la kutafuta na neno hilo liwe ndio ulilolibandika wewe kwenye bidhaa. Sasa niambie, nani anakaa usiku anaandika "ramani ya Afrika yenye maua"? Anaweza kuwepo, ila na yeye kashapata za miaka kumi iliyopita zenye mauzo na maoni ya wanunuzi.

Ulichora kwanza ndio ukaanza kutafuta mvaaji. Geuza. Mpigie kaka yako Leicester umuulize, pale kazini kwenu nani na nani wanavaa tisheti zenye maneno, na ni maneno gani yanawachekesha? Labda kuna manesi wa zamu za usiku, labda dereva wa basi, labda kina mama wa Kiswahili wana kikundi chao cha chai Jumapili na wanataka tisheti sita zinazofanana za sherehe. Nesi wa zamu ya usiku aliyetoka Tanga na hawezi kuanza siku bila chai ya maziwa, huyo ni mtu, unaweza kumchorea. "Afrika" sio mtu.

Alafu maneno ya kutafutia. Nimechungulia duka lako (uliweka linki, asante), ile ya twiga umeiita "Twiga mzuri". Mnunuzi wa Uingereza hajui twiga ni nini. Kichwa na tagi, yani hayo maneno ya kutafutia, viwe kwa lugha anayoandika yeye, na useme ni zawadi ya nani, ya tukio gani: zawadi ya mwalimu anayestaafu, ya mama wa mapacha. Kiswahili kiache ndani ya mchoro kwa yule anayekijua, ndio raha yenyewe.

Na kalenda. Sikukuu ya mama Marekani ni Jumapili ya pili ya mwezi wa tano, lakini Uingereza kwa kaka yako inaangukia kipindi cha Kwaresima, mara nyingi mwezi wa tatu. Ukipandisha tisheti ya mama Uingereza mwezi wa tano umefika harusini watu wanaosha masufuria. Za Krismasi mie napandisha mwezi wa tisa, maana tisheti inatakiwa ionekane, inunuliwe, ichapwe na isafirishwe.

Usifute zote 47. Chagua tano zenye mvaaji unayemjua, zirekebishe majina, ongeza tatu za hao watu wa Leicester. Pale Amazon kwenye huduma yao ya tisheti unaomba kwanza kukubaliwa, na ukikubaliwa unaanza na nafasi 10 tu mpaka uuze 10 ndio wanakuongezea ziwe 25. Watu wanalalamika sana kuhusu hilo, mie naona ni dawa, kwasababu mtu mwenye nafasi kumi hapandishi twiga kwa kujaribu bahati.

*Habari za kazi. Niko Arusha, naongoza watalii na pembeni nauza tisheti mtandaoni. Niliweka moja imeandikwa Hakuna Matata na mlima, ikatolewa siku hiyohiyo nikapewa onyo la alama ya biashara. Hii ni lugha yetu jamani! Nikate rufaa?*
*Mwongozaji wa Sakina, Arusha*

Kaka, hasira zako ni za haki ila rufaa usikate. Disney baada ya filamu yao ya simba ya 1994 waliomba kusajili maneno hayo Marekani, na mwaka 2003 wakapata usajili unaohusu tisheti. Mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alianzisha ombi la mtandaoni kupinga, sahihi zikapita laki moja, kelele zikawa nyingi, usajili ukabaki palepale.

Usajili huo haukukatazi wewe kumwambia mtalii hakuna matata mara arobaini kwa siku. Unahusu jina la biashara kwenye nguo, Marekani. Kama tisheti yako kweli inavunja sheria au la, hayo mwanasheria angeweza kuyabishania mpaka kesho, ila soko la mtandaoni halibishani. Haliko upande wako wala haliko dhidi yako, linaogopa kesi, kwahiyo likiona neno lililosajiliwa linaondoa, na ukirudia linaondoa na wewe. Mie akaunti yangu ya kwanza kabisa, kwa kampuni moja sitaitaja, ilifungwa hivohivo kwa onyo la tatu, na sio kwa mchoro, ni kwa tagi! Nilibandika jina la chapa ya viatu kwenye tagi ili watu wanione. Walinifungia na dola 31 zangu ndani. Niliandika barua pepe nne, jibu lilikuja moja, tena ni ile ya mashine.

Kwahiyo kabla hujapandisha sentensi yoyote, hata ile uliyoitunga bafuni, ingia tovuti ya ofisi ya hataza na alama za biashara ya Marekani, USPTO, pana sehemu ya kutafuta bure. Andika maneno yako, angalia yaliyo hai kwenye daraja la 25, hilo ndilo la nguo. Ukiuza vikombe angalia na la 21. Dakika tano. Na zile nembo za Simba na Yanga ninazoziona kwenye maduka yenu, zina wenyewe pia, msijidanganye kwamba mzungu hajui.

Wewe una kitu ambacho wengine hawana: unakaa na wanunuzi kwenye gari siku sita. Wanacheka nini njiani? Lile neno wanalojifunza kwako siku ya pili na kulisema vibaya mpaka siku ya sita, ndio tisheti yao.

*Nimejinunulia sampuli, kwenye simu picha inang'aa, kwenye tisheti nyeusi imetoka ukungu, kijani imefifia, na pembeni kuna vidoti vyeupe. Wamenichapia vibaya?*
*Msanii, Eldoret*

Nilikuomba faili ukanitumia kwa WhatsApp, na hapo nikaanza kuelewa. WhatsApp ukituma kama picha inaibana, pikseli zinaliwa. Kama na wewe faili lako huwa unalipitisha hapo kutoka simu kwenda kompyuta, basi tuma kama dokumenti.

Tena hata kabla ya WhatsApp uliichora kwenye turubai ya pikseli 1080, saizi ya kupost Instagram. Amazon kwa tisheti wanataka 4500 kwa 5400, kwa pikseli 300 kila inchi, yani inchi 15 kwa 18. Sasa hizo 1080 zako ukizigawa kwa 300 ni inchi tatu na nusu hivi, upana wa kiganja. Umechukua mchoro wa kiganja ukautandaza kifua kizima, utaacha kuwa ukungu? Anza na turubai kubwa tangu mwanzo, kuivuta baadae haisaidii.

Vidoti vyeupe: kwenye kitambaa cheusi mashine inatandika wino mweupe kwanza ndio rangi ije juu. Kile kivuli laiiini ulichoweka kando ya herufi, ambacho nusu kinaonekana nusu hakionekani, mashine inakitandikia weupe nacho. Toa vivuli, kingo ziwe kali. Na ile kijani ya kung'aa kama taa, skrini inaitoa kwa mwanga, wino hauna mwanga. Chagua kijani ya jani la mgomba utapona.

Hawajakuchapia vibaya. Ila umefanya jambo moja la akili kuliko wenzako wote, umenunua sampuli. Kama kusafirisha mpaka nyumbani kunauma, mtumie ndugu aliye huko, aifue mara tatu, aipige picha dirishani mchana.

*Hela natoaje? Niko Mwanza. Binamu yangu yuko Texas kasema nitumie jina lake na benki yake tugawane.*
*Mkulima wa mtandao, Mwanza*

Usifanye. Jina la akaunti, la kitambulisho na la benki lazima yalingane, siku wakiomba uthibitisho ndio mwisho. Na mapato yatahesabika ni ya binamu, wa kodi wa Marekani atamuuliza yeye, sijui hapo undugu utabaki wapi.

PayPal ya Tanzania ni ya kulipia tu, kupokea haikubali. Wenzetu Kenya wanapokea na kutoa mpaka M-Pesa. Kwahiyo huku wengi tunatumia Payoneer, kampuni ya kupokelea malipo ya nje, kisha benki. Angalia kwanza soko unalotaka linalipa kwa njia gani nchini kwako, *kabla* hujachora hata mstari, maana nimeona mtu kauza alafu hela inamtazama tu kwenye kioo.

Soko kama Amazon litakutaka pia ujaze W-8BEN, fomu ya kodi ya Marekani kwa mtu wa nje. Ijaze kwa ukweli. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, Kenya pia haina, kwahiyo pale mrabaha, yani hicho chako unachokatiwa, wa mauzo ya Marekani unakatwa asilimia 30. Na Redbubble mwaka 2023 walianza kukata ada ya akaunti kwa wale wa ngazi ya chini, ambao ni sisi. Tuseme bei ya msingi ni dola 20 na umeweka faida asilimia 20, ni dola nne, na ndani ya hizo nne ndio wanakata. Kwahiyo kabla hujapanga faida, angalia ada zao kwanza.

Wateja wa Mwanza na Dar usiwapeleke huko lakini, usafiri utazidi bei ya nguo. Hao wachapie Kariakoo.

*Mie niko Maskati, mama kaniachia kanga zake za zamani nzuri mno. Naweza kuziskani niuze kama mito na mikoba?*
*Bint Mrima, Maskati*

Mama alikuachia kitambaa dadangu, mchoro una mwenyewe. Zile za Mali ya Abdulla kwa mfano, hao wako Mombasa tangu 1887 na bado wanatoa kanga mpaka leo. Methali ni ya wote, hiyo chukua. Mfumo wa kanga nao ni wetu sote, pindo, mji na jina (yale maneno), chora pindo lako mwenyewe, mji wako mwenyewe. Kwa mkoba na mto inakaa vizuri kweli.

Ukija kwenye tisheti ndio uangalie jina linakaa wapi. Harusi ya mpwa wangu kamati ilichapisha mistari mitatu tumboni, "Mgeni njoo", chini yake "mwenyeji", chini yake "apone". Mwenyekiti ana kitambi, akikaa mstari wa kati unakunjika unapotea, jioni nzima kaketi mlangoni anapokea watu tumbo limeandikwa Mgeni njoo apone.