"Hao ndio sisi," mume wangu alisema, nami nikacheka

*Shikamoo Shangazi. Mimi na mume wangu tuko mwaka wa tisa wa ndoa. Kila Ijumaa watoto wakishalala tunatazama tamthilia moja ya kapo nne, marafiki wa siku nyingi ambao ndoa zao zinayumba. Wa kwanza mume ana mchepuko. Wa pili hawapishani jikoni bila kugombana. Wa tatu hawagombani kabisa. Wa nne wameoana juzi tu na mama mkwe keshahamia. Wiki tatu zilizopita wale wa tatu walionyeshwa wakila bila kusemezana, na mume wangu akasema taratibu, "Hao ndio sisi." Nikacheka. Nilipoona yeye hacheki, nikamwambia ana dharau, wanawake wangapi wanaililia ndoa yenye amani kama yetu. Akanyamaza. Ijumaa zilizofuata kila mtu alikuwa na simu yake, na juzi ameniambia amechoka na hiyo tamthilia, niendelee peke yangu. Je, anataka kuniacha? Au ana mtu, kama yule wa kwanza?*

*Wa Kapo ya Tatu*

Marahaba mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Barua yako nimeisoma mara mbili na mwanamke mwingine niliyemkuta humo ni yule wa kwenye runinga. Siwezi kumwapia mwanamume nisiyemjua. Siri ya mtungi aijuaye kata. Ila huyu hakujifananisha na mwenye mchepuko, wala hakukufananisha wewe na mtu. Alisema *sisi*, na akachagua watu wawili wanaokula kimya.

Maneno matatu tu, na nadhani alikuwa ameyabeba muda mrefu. Kuna watu ambao ukiwakalisha uso kwa uso ukawaambia "haya sema", hawana la kusema. Lakini wakiwa wanaendesha gari, wanaosha vyombo, au wanatazama runinga, macho yako mbele, neno huwatoka lenyewe. Mumeo alilitoa lake, likapokewa kwa kicheko na kisha karipio. Sikulaumu kwa kucheka. Hata mimi ningecheka, maana mtu akikuogopesha ghafla mdomo hutangulia. Karipio ndilo lililofunga mlango.

Sasa hiyo amani. Ipo nyumba tulivu kwa sababu watu wake wanasikilizana, na ipo nyumba tulivu kwa sababu mmoja amekata tamaa ya kusikilizwa. Ukiwa mlangoni huwezi kuzitofautisha. Ukiwa ndani unaweza. Jiulize ni lini mara ya mwisho mlipishana juu ya jambo, mkalisema hadi likaisha. Na nikuambie kitu kilichonigusa: barua yako niliifupisha. Ile uliyoituma ilikuwa na aya mbili nzima juu ya yule mama mkwe wa kwenye tamthilia, hadi jinsi anavyofunga mlango. Kuhusu mumeo niliambulia kwamba amechoka.

John Gottman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyetumia miongo kadhaa kuwachunguza wanandoa wakibishana mbele ya kamera, anataja mienendo minne inayobomoa ndoa: kumshambulia mwenzio tabia, kumdharau, kujitetea kila mara, na kujenga ukuta wa ukimya. Huo ukuta aliukuta zaidi kwa wanaume. Mara nyingi aliyenyamaza hajapuuza. Mwili umemzidi, moyo unapiga zaidi ya mara 100 kwa dakika, na hapo hakuna neno linaloingia wala kutoka. Ushauri wake ni kupumzika angalau dakika 20, kisha kurudi kwenye mazungumzo. Kurudi ndiko watu husahau. Nyinyi mmepumzika wiki tatu.

Wala tamthilia yenyewe si adui yako. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Ronald Rogge wa Chuo Kikuu cha Rochester walitangaza matokeo ya utafiti wa jozi 174 za wanandoa wapya. Baadhi walipewa mafunzo ya kina ya namna ya kuishi pamoja. Wengine waliambiwa tu watazame filamu tano za mapenzi na ndoa ndani ya mwezi mmoja, na baada ya filamu wakae kama dakika 45 wakijibu maswali: hawa waligombana vipi, walisameheana vipi, sisi tunafanana nao wapi? Baada ya miaka mitatu, katika kundi ambalo halikupata lolote asilimia 24 walikuwa wameachana au kutengana. Kwa waliofundishwa na kwa watazama filamu ilikuwa takribani 11. Wale walikuwa maharusi na nyinyi mna miaka tisa, kwa hiyo hesabu hiyo sikuahidi. Lakini tazama: swali ambalo watafiti waliwaandikia watu kwenye karatasi, mumeo alilijibu mwenyewe bila kuulizwa.

Kwa hiyo mrudie. Usimwitie kikao, na usianze na "tunahitaji kuzungumza", maana moyo utaanza kumwenda mbio kabla hujafika sentensi ya pili. Subiri mkiwa mnafanya kitu kingine pamoja, hata kukunja nguo, umwambie: "Siku ile ulisema hao ndio sisi. Nilikucheka, nikakwambia una dharau, na sikukuuliza ulichoona. Nisamehe. Uliona nini?" Kisha kaa kimya. Kimya hiki kitakuwa kirefu, kivumilie.

Anaweza kukujibu dogo, kwamba siku hizi humuulizi habari za kazini. Anaweza kukujibu kubwa. Lolote atakalosema, siku hiyo usijitetee wala usimtolee orodha yako. Na orodha unayo, najua, hakuna anayekaa miaka tisa bila nayo. Zamu yako iwe siku nyingine, na hakikisha unaichukua, kwa sababu mke anayesikiliza tu naye hujenga ukuta wake. Mkianza tena kuzungumzia wale wa kwenye tamthilia, kila mtu aseme anayefanana naye *yeye mwenyewe*. "Wewe ni kama yule mume" ni fimbo. Na kama atakujibu kwamba kweli amefikiria kuondoka, usimalizane naye usiku huohuo. Tafuteni mshauri wa ndoa mkae naye wote wawili.

Halafu usiitumie tamthilia kupiga ramli. Mwandishi wake ana vipindi vya kujaza, na wale wa tatu asipowavunja atakosa cha kuonyesha mwishoni. Mimi mwenyewe ningewavunja.

Ijumaa hii usiendelee nayo peke yako. Iache palepale alipoishia yeye. Na akikujibu, niandikie, hata kama ni neno moja.

Shangazi yako