Maswali ya Wasomaji: Farasi Asiyekubali Kuguswa Kichwani

Barua za mwezi huu zinahusu farasi na punda, na zote zimetoka kwa wasomaji wa mwambao wa Ziwa Victoria. Ya kwanza imejibiwa kwa urefu kwa kuwa majibu ya nyingine yanaitegemea.

SWALI: Shikamoo, mjibu maswali. Mimi ni kijana ninayetunza wanyama katika shamba la mwajiri wangu huko Luchelele, nje kidogo ya jiji la Mwanza. Mzee ameleta farasi jike kwa lori kutoka Arusha na anataka wageni wake waanze kumpanda baada ya miezi miwili. Farasi huyu hakubali kuguswa masikio wala kuvishwa kamba ya kichwani. Nikinyanyua mkono anarudi nyuma kwa kasi, na turubai la banda likipigwa na upepo wa ziwani anakimbilia kwenye kona ya uzio na kutetemeka. Jirani yetu mfuga ng'ombe amenishauri nimfunge kwenye mwembe mchana kutwa na kumtikisia turubai mpaka achoke. Nimesikia pia kwamba ipo njia ya Wamarekani ya kumzoesha farasi bila kumpiga. Nianzie wapi? (Saisi, Luchelele)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Ushauri wa jirani uuache huko huko kwenye mwembe. Farasi aliyefungwa asiweze kukimbia, kisha akatishwa mfululizo, huishia katika moja ya mambo mawili: ama hujivuta nyuma kwa nguvu zake zote mpaka kamba ikatike au shingo iumie, ama husimama kimya kwa kukata tamaa. Hali ya pili ndiyo ninayoihofia zaidi, kwa sababu mtazamaji huidhania kuwa ni utulivu, kumbe mnyama hajajifunza kwamba turubai halidhuru. Amejifunza tu kwamba hana la kufanya, na siku atakapopata mwanya huku mtoto wa mgeni yuko mgongoni, hofu yote itarejea.

Kabla ya mafunzo yoyote, mwombe mzee amwite daktari wa mifugo. Farasi anayekataa kuguswa kichwani huenda ana kupe ndani ya sikio, kidonda kilichofichwa na manyoya, au meno ya nyuma yaliyoota ncha kali zinazokwaruza shavu, na hakuna mazoezi yanayoponya jino. Vilevile, kanda yetu ina maeneo yenye mbung'o, na farasi hana ustahimilivu mkubwa dhidi ya nagana, ugonjwa wanaouambukiza. Akianza kuzubaa, kukonda au kuvimba miguu na sehemu ya chini ya tumbo, apimwe damu badala ya kulaumiwa kuwa mkaidi. Jifunze kumpima joto, ambalo kwa farasi mkubwa aliyepumzika huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.5, na mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida ni kati ya 28 na 44 kwa dakika. Vipimo hivyo utakavyoviandika siku ambazo ni mzima ndivyo vitakavyokusaidia kumtambua siku akiugua.

Daktari akisema hana ugonjwa, ndipo tuingie katika swali lako. Farasi ni mnyama aliyeumbwa kuliwa na wengine, na kinga yake kuu ni kukimbia kwanza na kuchunguza baadaye. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote bila kugeuka, isipokuwa nyuma yake kabisa na sehemu ndogo mbele ya paji la uso. Mkono wako unaponyanyuka kuelekea masikioni unaingia katika sehemu hiyo asiyoiona vizuri, kwa hiyo kurudi kwake nyuma si utovu wa adabu. Mkaribie kwa pembeni, ukielekea begani na si usoni, na usimtokee kwa nyuma hata siku moja, kwani teke la mnyama wa kilo 400 au zaidi halina msamaha.

Njia uliyoisikia ilienezwa na wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, hasa Tom Dorrance, aliyeishi kati ya mwaka 1910 na 2003, na Ray Hunt, aliyefariki mwaka 2009. Kiini chake ni kwamba farasi hajifunzi pale unapomsukuma bali pale unapoacha kumsukuma. Ukibonyeza ubavu wake kwa vidole viwili akasogea nusu hatua, na papo hapo ukaondoa vidole, ameelewa kwamba kusogea ndiko kulikoleta nafuu. Ukichelewa hata kidogo, huenda akadhani nafuu imeletwa na kitu kingine alichokifanya wakati huo, kama kutikisa kichwa au kukuegemea. Ndiyo maana saisi mpole asiyejua wakati wa kuachia anaweza kumharibu farasi sawasawa na saisi mkali: mpole huyo huondoa mkono kila farasi anaporuka, kwa huruma, na kila mara humfundisha kwamba kuruka kunalipa.

Hilo ndilo nadhani limempata farasi wako. Unanyanyua mkono, anarudi nyuma, nawe unaushusha. Kwa hesabu yake, kurudi nyuma kumefaulu. Kwa hiyo usianzie kichwani. Anza na sehemu anayoipenda, yaani pale shingo inapokutana na mgongo, juu ya mabega, ambapo farasi hukunana wao kwa wao kwa meno. Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya farasi waliokunwa mahali hapo waliona yanapungua. Mkune kwa kucha, na usimpigepige kofi za kumpongeza, kwani kofi hizo humfurahisha mpigaji kuliko mpigwaji. Kutoka hapo, telezesha mkono shingoni kuelekea juu mpaka pale unapoona anaanza kukaza misuli, lakini bado hajasogea. Simama hapo hapo. Subiri mpaka apumue kwa nguvu, ashushe kichwa kidogo au aelekeze sikio kwako, kisha ondoa mkono na upige hatua moja nyuma. Rudia. Mpaka huo utasogea juu, leo kidogo na kesho zaidi, na baadhi ya siku utarudi chini; siku hizo anzia pale uliporudi.

Akijisahau na kuruka kabla hujaondoa mkono, ufuate mwendo wake huku mkono ukiwa pale pale kwa wepesi, iwapo ni salama kufanya hivyo, na uuondoe mara miguu yake inapotulia. Ikiwa si salama, maana yake ulipanda juu mno kwa haraka. Mwachie, kisha uanze chini zaidi. Kanuni hiyo hiyo ndiyo itakayotumika kwa kamba ya kichwani: anuse kwanza, iguse shingo, ipite puani na kutoka, na isifungwe mpaka awe anaishusha pua mwenyewe kuifuata. Akishaivaa, tumia kamba ya kuongozea yenye urefu wa mita tatu na nusu au nne ili uwe mbali na kwato zake akishtuka, na usiizungushe mkononi kamwe, kwa kuwa vidole vingi vimepotea hivyo.

Mara tu anapokubali kamba, mfundishe mambo mawili kabla ya mengine yote, nayo ni kurudi nyuma hatua chache kwa mguso mwepesi kifuani, na kusogeza makalio pembeni ili mguu wa nyuma ulio upande wako uvuke mbele ya mwenzake. Hili la pili lina faida kubwa sana ya usalama, kwa sababu nguvu ya farasi ya kukimbia na kuruka hutoka miguu ya nyuma, na miguu iliyopishana haiwezi kusukuma. Fanya kila zoezi upande wa kushoto na wa kulia. Usidhani kwamba alichokizoea akikiona kwa jicho moja atakitambua akikiona kwa jingine. Wengi huwashughulikia farasi upande wa kushoto tu, kisha wakashangaa mnyama anaposhtuka mtu akipita kuliani.

Kuhusu turubai, usimletee. Likunje liwe dogo, mwenzako alishike na kutembea akienda mbali, nawe umwongoze farasi kulifuata kwa umbali anaoustahimili. Kitu kinachokimbia hakitishi kama kinachokuja, na farasi wengi baada ya muda hutaka wenyewe kulinusa. Baadaye, unapoligusisha begani kwake, liondoe pale aliposimama na si pale aliposogea.

Wengine watakushauri ujenge zizi la duara na kumkimbiza humo mpaka ageuke na kukufuata, kama alivyoeneza Mmarekani Monty Roberts. Zizi la duara lenye kipenyo cha mita 15 hadi 18 ni chombo kizuri, na huyo bwana alisaidia sana kuwaonesha watu kwamba farasi anaweza kupandwa bila kupigwa. Hata hivyo, sikubaliani na wanaoamini kwamba farasi anayewafuata baada ya kukimbizwa amewapenda. Mara nyingi amechoka na amegundua kwamba karibu na mtu ndipo mahali pekee anapoachwa apumzike. Kwa farasi ambaye tayari anakimbilia kona na kutetemeka, mimi nisingeitumia njia hiyo.

Fanya mazoezi kwa dakika 10 hadi 20, asubuhi jua likishachomoza na kabla upepo wa ziwani haujaanza kuvuma. Upepo ukishavuma humpotezea harufu na sauti anazozitegemea, na siku hizo hata farasi mtulivu huwa na wasiwasi. Usifanye magharibi; huo ndio wakati visubi wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi wa Kiafrika wanapouma, na kuanzia jioni mpaka kuche anafaa kuwa ndani ya banda lenye wavu mwembamba.

Limebaki suala la miezi miwili. Mwambie mzee, kwa adabu, kwamba farasi ndiye atakayepanga tarehe, na kwamba mgeni mmoja akiangushwa gharama yake itazidi ile ya kusubiri. Mwombe pia amtafutie mwenzake, hata kama ni punda, kwa kuwa farasi ni mnyama wa kundi na anayeishi peke yake hulala kidogo na kushtuka sana.

SWALI: Nina punda wawili wanaovuta mkokoteni wa maji huku Magu. Mmoja akifika kwenye karavati husimama kabisa. Nikimchapa ndipo anazidi kuganda. Je, punda naye hufundishwa kama farasi? (Baba wa watoto wanne, Magu)

JIBU: Hufundishwa, ndugu yangu, tena kwa kanuni ile ile ya kuachia kwa wakati, lakini hofu yake ina sura nyingine. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa mara nyingi husimama na kutafakari, na watu wameuita utafakari huo ubishi. Bakora inampa sababu ya pili ya kuliogopa karavati. Mfungue kwenye mkokoteni, mpeleke hapo bila mzigo wakati hakuna pikipiki, mwenzake atangulie, nawe usimame naye kamba ikiwa imelegea. Vuta kidogo, na mara uzito wake unapoegemea mbele, hata kama hajanyanyua mguu, legeza.

Lakini kabla ya hayo, angalia matandiko yake. Iwapo umewafunga kwa nira ya ng'ombe, hapo ndipo penye tatizo. Ng'ombe wetu ana nundu inayoizuia nira. Punda hana, hivyo nira humkandamiza mifupa ya juu ya mabega na kumtia vidonda. Punda huvuta kwa kifua, kwa mkanda mpana uliowekwa kitambaa laini na usiobana koo. Kwenye karavati huenda kuna kijimwinuko, na mwinuko ndio unaoongeza maumivu. Nikukumbushe pia kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumfanyisha kazi mnyama mwenye vidonda si jambo la hiari ya mwenye mali.

SWALI: Je, ni kweli farasi humkumbuka aliyemkasirikia? (Mwanafunzi wa kike, Nyegezi)

JIBU: Ndiyo, binti yangu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 nchini Uingereza, farasi walioneshwa picha ya mtu mwenye uso wa hasira au wa furaha, na saa chache baadaye mtu huyo huyo akaja mbele yao akiwa na uso wa kawaida. Walioona picha ya hasira walimtazama zaidi kwa jicho la kushoto, ambalo wanyama wengi hulitumia kwa kitu wanachokitilia shaka. Hiyo ilikuwa picha tu. Siku ukiwa na hasira za mambo mengine, mpe majani na maji, usafishe banda, na uyaache mafunzo mpaka kesho.

SWALI: Ninaweza kumshawishi farasi kwa miwa au mahindi? (Msomaji, Ukerewe)

JIBU: Kipande kidogo cha muwa au cha karoti kinafaa, mradi akipate papo hapo anapofanya ulilomwomba na kikiwekwa kwenye ndoo au kiganja kilichonyooshwa, na si akikupekua mifukoni, la sivyo utamfundisha kuuma. Mahindi mpe kwa uchache, kwa kuwa wanga mwingi humletea maumivu ya tumbo na ugonjwa wa kwato. Yenye ukungu usimpe hata punje moja. Sumu ya kuvu wa mahindi huharibu ubongo wa farasi, na dalili zikishaonekana mara nyingi daktari huwa amechelewa.