Bodi ya Mikopo: nakatwa kila mwezi, deni liko palepale

Swali: Shikamoo mhasibu. Nafundisha shule ya binafsi hapa Ujiji, Kigoma. Nilimaliza chuo 2019, mkopo sijawahi kurejesha. Tangu Januari mwajiri ananikata 150,000 kwa mwezi bila hata kuniuliza. Sasa ni Julai, nimeangalia deni, halijapungua hata shilingi. Naweza kumzuia? Salari slipu nimeambatisha.

Jibu: Marahaba mwalimu. Kumzuia huwezi. Deni hili halisubiri hakimu: tangu sheria ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliporekebishwa 2016, mwajiri analazimika kukata asilimia 15, unune usinune. Bumu, ile hela ya mkopo ya kujikimu chuoni, tulilila wenyewe.

Ila ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Slipu yako inaonyesha msingi 820,000, posho za nyumba na usafiri 180,000. Aliyepiga hesabu amechukua jumla, 1,000,000. Ulipaswa kukatwa 123,000, kwa hiyo kila mwezi unazidishiwa 27,000. Ingekuwa inafika Bodi ningesema potelea mbali, deni lingeisha mapema. Lakini haifiki, au inafika na Bodi haijui kuwa ni yako.

Mwajiri anatakiwa kuwasilisha makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Makato ya mwezi mmoja yakichelewa kuonekana, vumilia. Ya miezi sita, hapana. Kabla hujamwita mwizi, muombe mhasibu wa shule akuonyeshe stakabadhi za malipo pamoja na orodha ya majina aliyoituma. Kwenye orodha angalia namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, maana Bodi inakutambua kwa hiyo. Tarakimu moja ikikosewa, au jina la ajira likiwa la ndoa na la chuo likiwa la baba, hela inakaa bila mwenyewe. Hili nimekutana nalo mara nyingi kuliko wizi.

Akikosa stakabadhi, iandikie Bodi, ambatisha slipu zote sita na mkataba wa ajira. Slipu ndiyo ushahidi wako kwamba ulikatwa. Aliyekata akakaa na hela ndiye atakayedaiwa. Usikubali kulipa mara ya pili kutoka mfukoni.

Afadhali kidogo: ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, iliyoongeza deni kwa asilimia 6 kwa mwaka, ilifutwa 2021, kwa hiyo deni halivimbi wakati unafuatilia. Na slipu ya Julai usiitupe.