Kutoonekana Si Kujificha

"Sionekani! Sasa hilo zimwi limejuaje nilipo?"

Rafiki yangu aliniuliza hivyo mezani, katikati ya pambano la Dungeons & Dragons tulilolisubiri kwa wiki kadhaa. Ni mchezo wa kuigiza hadithi: kila mchezaji anaongoza mhusika wake, mimi msimamizi naongoza maadui, na dadu zinaamua nani kampata nani. Mhusika wake alikuwa mchawi. Alijifanyia uchawi wa kutoonekana, akakatiza futi 30 juu ya sakafu ya vigae vilivyopasuka, akasimama nyuma ya nguzo. Zamu ya zimwi ilipofika nililipeleka moja kwa moja hadi kwenye nguzo ile, nikarusha dadu, likampata. Yeye aliona nimemwonea. Mimi niliona sheria iko upande wangu. Tulibishana mpaka wenzetu wakaanza kukusanya karatasi zao, na usiku ule hatukumaliza pambano.

Nimesimamia Dungeons & Dragons kwa miaka mingi, na sijaona sheria inayozua ugomvi mezani kama hii. Kila mara tatizo ni lilelile: tunayafanya maswali mawili kuwa moja. La kwanza, je, anaonekana? La pili, je, inajulikana alipo? Msimamizi akiyajibu yote mawili kwa sauti kila zamu, ubishi mwingi hauanzi kabisa.

Chukua sheria za toleo la tano, zile za 2014. Mhusika asiyeonekana akishambulia, anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua kubwa. Anayemshambulia yeye anarusha mbili na kuchukua ndogo. Hakuna sentensi inayosema kwamba adui hajui alipo. Kinyume chake, sheria zinasema wazi kwamba kelele na nyayo zinaweza kumfichua. Akitaka mahali pake pasijulikane, lazima atumie tendo la kujificha: anarusha dadu ya kunyata, na matokeo yanapimwa na utambuzi wa adui. Kutoonekana kunamsaidia kwa kumruhusu ajaribu kujificha popote, hata katikati ya ukumbi mtupu usio na kiti wala pazia.

Hapo ndipo gharama inapojitokeza. Mchawi akijificha, tendo lake la zamu hiyo limekwisha. Mhusika mwizi, kuanzia ngazi ya 2, anajificha kwa tendo la ziada na bado anabaki na nafasi ya kupiga. Ndiyo maana nawashauri wachezaji wangu wafikirie mara mbili kabla ya kumpa mchawi uchawi huu na kumnyima mwizi.

Kwa hiyo siku ile nani alikuwa na haki? Zimwi lingeweza kuvisikia vile vigae vikilia chini ya miguu ya mchawi, kwa sababu hakujificha. Lakini mimi nilirusha dadu moja badala ya mbili. Nililijibu swali la pili nikalisahau la kwanza, na rafiki yangu alikuwa na kila sababu ya kukasirika. Nilimwomba radhi mchezo uliofuata.

Kisha nikakosea upande wa pili. Nikaleta maadui wasioonekana, na kwa kuogopa kurudia kosa nikakataa kabisa kusema walipo. Zamu nne nzima wachezaji walipiga hewa. Nyuso zao zilinifundisha kuliko kitabu chochote. Tangu siku hiyo, adui ambaye hakujificha namwekea alama kwenye ramani hata kama haonekani, nasema tu, "Mnasikia pumzi hapa."

Aliyejificha kweli namshughulikia kwa kipande cha karatasi. Naandika mraba wa ramani aliopo, nakikunja, nakiweka chini ya kikombe changu kabla mchezaji hajachagua pa kupiga. Mchezaji anataja mraba, anarusha dadu zake mbili. Akikosea mraba, amekosa hata kama dadu imeonyesha 20, nami nasema tu "umekosa" bila kueleza kama alikosa mahali au alikosa shabaha. Pambano likiisha nafungua karatasi mbele ya wote. Imani inayojengwa na kikaratasi kile siwezi kuieleza vya kutosha.

Kumbuka pia kwamba kupiga kunakufichua. Ukishambulia, umpate adui au umkose, mahali ulipo pameshajulikana. Uchawi wa kawaida wa kutoonekana, ule wa ngazi ya 2 ya uchawi, unakatika papo hapo ukishambulia au ukifanya uchawi mwingine. Ule mkubwa wa ngazi ya 4 haukatiki, unadumu hadi dakika moja ukiushikilia kwa umakini, lakini hata huo haufichi mahali ulipotoka mshale. Ukitaka kupotea tena, jifiche tena.

Wengi hawaoni nguvu halisi ya kutoonekana, nayo ni kwamba uchawi mwingi unadai mlengwa "unayemwona". Adui asipokuona, uchawi huo wote hauwezi kukulenga. Vilevile ukiondoka karibu naye hapati nafasi ya kukupiga unapopita, kwa kuwa nafasi hiyo nayo inadai akuone. Uchawi wa mpira wa moto, kwa upande wake, haujali. Unachoma eneo lote, nawe umo.

Sheria zilizorekebishwa za 2024 zimeleta mkanganyiko mpya. Sasa ukijificha kwa kufikisha 15 au zaidi kwenye dadu ya kunyata, unapewa hali ileile inayoitwa kutoonekana, ingawa umejibanza tu nyuma ya pipa. Hali hiyo inaisha ukipiga kelele kupita mnong'ono, ukishambulia, ukitamka uchawi, au adui akikugundua. Mezani kwangu silitumii jina hilo kwa mtu wa nyuma ya pipa. Nasema "amefichika", na neno "haonekani" naliacha kwa uchawi. Jambo moja walilorekebisha vizuri ni kwamba adui anayeweza kukuona kwa njia yoyote, hali hiyo haikusaidii dhidi yake. Maandishi ya 2014 hayakusema hivyo, lakini mimi nilikuwa nikiamua hivyo tangu mwanzo, na nakuomba nawe uamue hivyo.

Na wakikutana wawili wasioonana, kama mle gizani bila taa? Kila mmoja anapata dadu ya nyongeza kwa kutoonekana na anaipoteza kwa kutoona. Vinafutana. Wote wawili wanarusha dadu moja, kama mchana kweupe, mradi kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi.